Naombeni ushauri: nikiolewa mke wa pili, sheria itanitambua?

Binti wa Makorora: Habari za jioni, wanajamvi. Mimi ni Muislamu, naishi Tanga mjini na nauza vitenge soko la Mgandini. Nina mchumba ambaye tayari ana mke, na tumekubaliana kufunga ndoa kwa sheikh baada ya Idi. Naomba kujua kama sheria ya nchi inamtambua mke wa pili sawasawa na wa kwanza, au kama cheti changu kitakuwa karatasi tu siku mwenzangu akitangulia mbele ya haki. Nyumbani kila mtu ananiambia lake, na usingizi umekuwa wa mang'amung'amu.

Mzee wa Ngamiani: Mwanangu, ondoa hofu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, na kifungu cha 57 kinawapa wake wote haki, wajibu na hadhi iliyo sawa. Ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au yenye kuweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Marehemu baba yangu alikuwa na wake watatu barabara ya 8, na siku ya Idi sahani za pilau zilipishana uani zikiwa zimefunikwa kawa, kila mama akipeleka kwa mwenzake kabla ya kuwapakulia watoto wake mwenyewe. Sisi tulilelewa na mama watatu na hatukujua neno mama wa kambo.

Mama Wawili: Shikamoo mzee. Hizo sahani umezisimulia kama mtoto aliyekuwa akila, na ningependa kuwasikia mama zako wenyewe. Mimi ni mke mkubwa. Mume wangu alipotaka kuongeza, taarifa ya kusudio la ndoa ilitolewa siku 21 kabla, kama sheria inavyotaka, nami nikaweka pingamizi, kwa sababu kifungu cha 20 kinamruhusu mke kupinga iwapo kipato cha mume ni kidogo kiasi kwamba ndoa mpya itamtesa yeye na watoto. Tulikuwa tunadaiwa ada za shule na kodi ya nyumba. Dada, huyo mwenzako mtarajiwa ana habari?

Binti wa Makorora: Yeye anaishi Moshi na hajaambiwa bado. Mchumba wangu anasubiri wakati mzuri wa kuzungumza naye.

Kalamu ya Chumbageni: Dada yangu, kabla hatujafika kwenye pingamizi, ndoa ya huyo bwana na mke wake ilifungwa wapi? Jibu lote limelala hapo.

Binti wa Makorora: Sioni kama hilo linahusika, maana mimi nitafungishwa na sheikh.

Kalamu ya Chumbageni: Linahusika kuliko yote uliyoandika. Ilifungwa wapi?

Binti wa Makorora: Kanisani. Lakini naomba msinihukumu, kwa sababu ameshaamua kusilimu na ameanza kufundishwa sala. Ndugu zangu wa upande wa mama wameshapokea posa, na tunajenga Pongwe nyumba ambayo imefika kwenye lenta kwa fedha ya vitenge vyangu. Mtu aliyefika hapo harudi nyuma kwa sababu ya kifungu.

Shangazi wa Pangani: Mwanangu, mwanamume anayebadili dini ili apate mke, kesho ataibadili tena kwa ajili ya mwingine. Dini haivaliwi kama shuka ya harusini. Mpigie simu huyo mwanamke wa Moshi wewe mwenyewe, kwa sababu siku akisikia kwa watu utakuwa umemnyima heshima ambayo nawe utaitaka.

Kalamu ya Chumbageni: Kusilimu kwake peke yake hakuigeuzi ndoa ya kwanza. Chini ya kifungu cha 11, ndoa ya mke mmoja hugeuzwa kuwa ya wake wengi kwa tamko la maandishi la mume na mke wote wawili, kwa hiari yao, mbele ya jaji, hakimu mkazi au hakimu wa wilaya. Ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi kabisa maadamu wote wawili wangali Wakristo. Kwa hiyo hata akisilimu leo, bila saini ya mke wake yeye bado ni mume wa mke mmoja, na kifungu cha 15 kinamkataza kuoa mwingine. Ndoa utakayofungishwa itakuwa batili tangu siku ya kwanza, na usawa wa kifungu cha 57 alioutaja mzee hautakufikia.

Kijana wa Sahare: Hapo ndipo sheria inapokosea. Watu wazima wakiridhiana, wawe wawili, watatu au wanne, serikali iwaandikishe na kuwalinda wote. Tena mwanamume anaruhusiwa wake zaidi ya mmoja ilhali mwanamke aliyeolewa hawezi kuolewa na mwingine, na mkiulizwa sababu mnanyamaza.

Mama Wawili: Kuridhiana kwa nani, mdogo wangu? Wa Moshi hajaulizwa. Ukiondoa saini yake, umemwondolea kitu pekee kinachomlazimisha mume kumwambia ukweli. Mimi naitetea saini hiyo kwa moyo wote, hata kama inamuumiza dada huyu.

Mdadisi: Samahani wanajamvi, mimi nina mashaka. Kanisa, kusilimu, mke wa mbali, nyumba ya pamoja: hili ni swali la mtihani wa sheria ya familia, na mwanafunzi anatukusanyia majibu. Hata aliyeficha habari ya kanisa ameificha kwa mpangilio.

Mzee wa Ngamiani: Kama ni hivyo, tumechezewa, na jibu langu la mwanzo nimelitoa bure.

Binti wa Makorora: Mzee wangu, sijamchezea mtu. Nilificha kwa aibu. Kaka Mdadisi, mwanafunzi hawezi kukwambia kwamba daftari la fundi lina doa la mafuta ya taa kwenye ukurasa wa nondo, wala kwamba kila mfuko wa saruji niliulipia baada ya kufunga meza yangu sokoni. Niaminini au msiniamini, swali langu sasa ni nyumba.

Kalamu ya Chumbageni: Kiwanja na risiti vina jina la nani?

Binti wa Makorora: Jina lake. Alisema mwanamke akiandikwa, fundi hupandisha bei.

Kalamu ya Chumbageni: Basi simamisha ujenzi. Kifungu cha 160 huwachukulia walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke kuwa wana ndoa, lakini ndoa ya kanisani itaivunja dhana hiyo. Hata ikivunjwa, mwanamke aliyeishi hivyo kwa muda huo anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine. Wewe na yeye mnaishi nyumba moja?

Binti wa Makorora: Hapana. Mimi niko kwetu, yeye huja na kuondoka.

Kalamu ya Chumbageni: Basi hata mlango huo umefungwa, na kilichobaki ni ushahidi wa fedha yako. Kesho mwombe akuandikie makubaliano ya mchango wako, mbele ya mashahidi, na daftari la fundi ulihifadhi wewe. Kisha nenda kwa watoa msaada wa kisheria kabla ya kwenda kwa sheikh.

Binti wa Makorora: Daftari nitalichukua asubuhi. La kwa sheikh, niacheni kwanza nizungumze na mchumba wangu.

Mama Wawili: Zungumza naye, lakini mfuko mwingine wa saruji usinunue kabla hajaandika.