Walituuzia ziara ya jangwani ya majira ya baridi, wakatupeleka Arizona mwezi Julai

Wakuu, nimeandika barua pepe, nimepiga simu, nimejibiwa ovyo. Sasa naliweka hapa hadharani. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa suala la kurudishiwa hela halijaisha, ila tuliokuwa kwenye msafara ule tunajuana.

Tangazo lilisema tutapiga kambi kwenye jangwa la Sonora, kusini mwa Arizona, tutaingia pango la Kartchner Caverns, kisha tutazuru misheni za kale za San Xavier del Bac na Tumacácori. Picha zote zilikuwa za majira ya baridi, watu wamevaa majaketi wanaota moto. Sisi tukapelekwa Julai kwa ratiba ileile. Hawakugusa hata saa ya kuondoka kambini. Ubaya wote umetoka hapo.

Nianze na kambi, maana pale watu wangekufa. Julai kule ni msimu wa monsuni, ambao Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huuhesabu kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Hiyo si siri. Mvua hupiga milimani huko mbali, maji yakashuka kwa makorongo makavu mpaka mahali ambapo halijadondoka hata tone. Na yule kijana aliyetuongoza akatusimamishia mahema NDANI ya korongo, kwenye mchanga laini chini ya miti ya mesquite, eti kuna kivuli. Kwenye matawi, juu ya kimo cha mtu, kulikuwa na mafungu ya majani makavu na vijiti vilivyojisokota, vyote vimelalia upande mmoja. Nikamwuliza ni nini. Akajibu ni viota vya ndege. Viota gani vinajipanga usawa mmoja mti hadi mti? Ile ilikuwa alama ya mafuriko yaliyopita, na mtu anayelipwa kuongoza wageni jangwani hakuijua.

Usiku, mama mmoja mtu mzima ambaye usingizi ulikuwa umemkataa akasikia mngurumo kama wa lori linalopita kwenye changarawe. Akapiga yowe. Tukatoka tulivyo, tukapanda ukingo kwa magoti, miba ya cholla, aina ya kakti, inatuchoma viganja. Maji yakaja ya kahawia, mazito, yamebeba povu na magogo, yakazoa mahema na madumu yetu ya maji ya kunywa. Juu yetu nyota zinaonekana! Kulikuwa na watoto pale. Kiongozi wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika juu.

Jangwani watu hushauriwa kuwa na angalau lita 4 za maji kwa mtu kwa siku, na Julai joto la kule huvuka nyuzi 40. Asubuhi ile tuligawana vichupa vilivyobaki kwenye gari, watoto kwanza.

Kartchner sasa. Gary Tenen na Randy Tufts waliligundua pango hilo 1974 wakalifanya siri kwa miaka, wakihofia lisiharibiwe, na umma haukuruhusiwa kuingia mpaka 1999. Ni pango hai, mawe yake bado yanakua, ndiyo maana unapita milango ya kuzuia hewa kavu isiingie na huruhusiwi kugusa kitu. Katika ziara za kawaida huingii na simu, kamera wala mkoba. Tangazo letu liliahidi picha za ndani! Liliahidi pia Big Room, chumba kimojawapo cha pango, ambacho hufungwa katikati ya Aprili hadi katikati ya Oktoba kwa sababu popo jike hulelea watoto humo. Utaratibu huo ni sahihi na ninauunga mkono kabisa. Aliyekosea ni aliyeuza tiketi ya chumba kilichofungwa. Halafu hata Throne Room, chumba kingine cha pango, hawakutuwekea nafasi mapema. Wachache walipata kuingia wakauona mwamba wa Kubla Khan, nguzo ya zaidi ya mita 17. Sisi wengine tukakaa nje tunawasubiri.

San Xavier tulifika ibada ikiendelea. Ile ni parokia hai kwenye ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa eneo lile, watu wanasali pale, na kiongozi wetu akaingiza kundi zima na kamera mpaka karibu na altare. Niliona aibu kuwatazama waumini usoni. Nje akatuambia kanisa lile alilijenga Padri Kino, mmisionari Mjesuiti, mwaka 1692. Kino alianzisha misheni mwaka huo, ndiyo, lakini alifariki 1711, na kanisa lililopo lilijengwa 1783 hadi 1797 chini ya Wafransisko. Bango la historia lilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama.

Tumacácori tulikuta geti limefungwa. Basi.

Kampuni imenijibu kuwa mafuriko ni kazi ya Mungu. Hema kwenye korongo Julai aliliweka Mungu? Nadai hela yangu yote, na nadai waache kuiuza ratiba ile kiangazi kabla hawajaua mtoto wa mtu. Sasa wameanza kusema mahema yalikuwa juu ukingoni. Mliokuwepo, yeyote mwenye picha ya kambi ya jioni ile kabla maji hayajaja, tafadhali njoo PM leo.