Kupaka upya bodi ya boti ya injini: rangi ya kopo moja, rangi ya hadina au jelikoti?

Mwenye mada: Ndugu zangu, boti yangu ya faibaglasi imechujuka kiasi kwamba hata nikiisugua kwa dawa ya kung'arishia, mng'ao haudumu. Nasita kati ya rangi ya kopo moja (isiyochanganywa na kitu), poliyurethani inayochanganywa na hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu), na jelikoti mpya, yaani lile tabaka la nje la utomvu ambalo boti ya faibaglasi hutoka nalo kiwandani. Nataka ubavu laini unaoakisi kama kioo.

Fundi Faiba: Jelikoti iache, isipokuwa kwa kuziba mikwaruzo michache. Kiwandani hutoka laini kwa sababu hupuliziwa ndani ya kalibu iliyong'arishwa. Ukiipaka kwa nje haijisawazishi, na itakubidi uisugue bodi nzima kwa msasa, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini kabisa, ndipo uing'arishe.

Nahodha Mstaafu: Naunga mkono. Rangi ya hadina ndiyo ngumu zaidi na ndiyo inayoshika mng'ao muda mrefu juani. Si lazima ipuliziwe: mmoja hutangulia na rola ya sponji akiweka tabaka jembamba, mwenzake humfuata papo hapo na ncha ya brashi laini akivunja viputo, na rangi hujitandaza yenyewe. Asirudi alikokwisha kupita, hata akiona kasoro, kwa maana rangi iliyoanza kushika hubaki na alama za brashi. Kabla ya hapo, kama boti iliwahi kupakwa, weka kitambaa chenye tina kali juu ya rangi ya zamani kwa dakika kadhaa. Ikilainika au kukunjamana, huenda ni ya kopo moja, na rangi ya hadina ikiwekwa juu yake itaifanya ivimbe na kubanduka.

Mama Boti: Naomba kuongeza jambo la afya. Hadina ya poliyurethani ina isosianeti, ambazo huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Anayepulizia anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Barakoa ya kawaida ya vumbi haimkingi. Kwa asiye na vifaa hivyo, rola na brashi ndiyo njia ya busara, naye bado avae glavu na kinga ya pumzi inayofaa.

Fundi Faiba: Nami narudi kwenye maandalizi, maana ndiko mng'ao unakotoka. Rangi inayong'aa haifichi bonde wala mkwaruzo. Futa nta kwa kiyeyusho na vitambaa safi kabla ya kugusa msasa, la sivyo utaisukumia ndani ya mikwaruzo na rangi itafunguka vishimo vya duara. Baada ya puti ya kujazia mabonde na praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, nyunyiza unga mweusi wa kuongozea, kisha usugue kwa ubao mrefu wenye msasa wa namba 220. Panapobaki peusi ni bonde. Rudia mpaka weusi uishe wote, ndipo umalizie na msasa laini zaidi wa namba 320.

Mwenye mada: Nimeelewa, nitatumia hadina kwa rola na brashi. Je, niishushe rangi hiyo hadi chini ya mstari wa maji?

Nahodha Mstaafu: Kama boti hulala majini, hapana. Nyingi za rangi hizo hazikutengenezwa kuzama muda wote, nazo hutoa malengelenge. Ishie juu kidogo ya mstari wa maji, na chini yake upake rangi ya kuzuia viumbe vya majini.