Naomba ushauri: laptop mpya ya bei rahisi au iliyotumika?

Wakuu, habari zenu. Laptop yangu imechoka. Bawaba moja imekatika, kioo nakiegemeza kwenye vitabu ndipo nichape, na chaji ikifika asilimia 40 inazima bila hodi. Natafuta nyingine ya kazi na masomo: ripoti, Excel, vipindi vya Zoom, na tabo 20 za brauza (najijua). Gemu sichezi.

Bajeti ni finyu, nimebaki na njia mbili. Kuna mpya yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, haiongezeki, na hifadhi ya mafaili ya eMMC GB 64. Halafu kuna ThinkPad T480 iliyotumika, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, hifadhi ya SSD GB 256. Hii ndiyo moyo unaitaka: ina nafasi mbili za RAM, na Windows 11 inaikubali, jambo muhimu maana Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Hofu yangu ni betri.

Wenye uzoefu, naikaguaje kabla sijatoa hela? Uchakavu wa betri naujuaje? Na GB 8 zitanifikisha miaka mitatu, au nijikaze nipate 16 kabisa?