Mdogo wangu yuko kwenye kundi la watu wanaotaka kufa. Nimtoe?

Kaka_Mkubwa: Habari zenu. Juzi niliazima simu ya mdogo wangu (miaka 19) nipige mara moja. Ikaingia meseji ya kundi: mtu kaandika "leo ndiyo siku yangu". Chini yake vimioyo, na "pumzika, umeteseka vya kutosha". Hakuna hata mmoja aliyemuuliza uko wapi, uko na nani. Dogo anasema huko ndiko pekee anakoeleweka. Nataka kumtoa kwa nguvu. Mke wangu naye anasema nikimuuliza habari za kujiua nitampa wazo. Nifanyeje?

Mzee_wa_Kazi: Mnyang'anye simu, futa kila kitu. Yameisha.

Admini_Mstaafu: Hayajaisha, mzee. Ukimnyang'anya atarudi huko kwa simu ya rafiki, na wewe hatakwambia tena kitu.

Nimekuwa admini wa kundi la wenye sonona miaka mitatu. Kulia pamoja hakukuwa tatizo letu, wengi kuliwasaidia. Hatari ni kuelekezana njia za kujiua na kupongezana. Usiku mmoja nimelala, mtu akaandika njia kwa undani. Naamka, watatu wameshamuuliza maswali. Nikafuta, lakini skrinshoti zilikuwa zimeshatoka. Kuanzia hapo tukakataza njia na barua za kuaga, na anayesema yuko hatarini alifuatwa inboksi na mtu mmoja, si mia mbili wanaotazama.

Hili si la mitandao tu. Vienna, mwaka 1987, magazeti yalipoacha kuandika kwa mbwembwe habari za watu kujiua kwenye treni za chini ya ardhi, vifo hivyo vilipungua sana. Mwaka 2010 watafiti wa hukohuko Austria wakaona upande wa pili: habari za mtu aliyefikia ukingoni mwa kujiua lakini akashinda na kubaki hai ziliendana na kupungua kwa vifo.

Shemeji mwambie hofu yake ni ya wengi, ila tafiti hazionyeshi kwamba kuuliza kunapandikiza wazo. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Usizungukezunguke. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuuma.

Kaka_Mkubwa: Nimemuuliza. Kakaa kimya mpaka nikasikia friji inanguruma. Halafu: "Ndiyo, ila si leo."

Admini_Mstaafu: Asante kwa kuuliza. Sasa asibaki peke yake usiku huu. Dawa na chochote cha kujidhuru viondoke ndani. Kesho daktari, usisubiri wiki. Hali yake ikizidi kuwa mbaya kabla ya hapo, piga namba ya dharura au mpeleke hospitali usiku huohuo. Na usimwahidi kwamba utaificha siri hii.

Kaka_Mkubwa: Yuko hapa sebuleni, anajifanya anaangalia mpira. Kakubali saa tatu asubuhi twende. Lile kundi hajatoka, kalizima sauti tu. Mke wangu kamletea shuka, kalala kwenye kochi la pili.