Nina milioni 28, nataka kuanza nyumba za kupangisha Dar. Nianzie wapi?

Kijana wa Buza:
Habari za humu, wakubwa shikamooni. Nina miaka 31, nimeajiriwa, nina mke na mtoto mmoja, na mimi mwenyewe bado nimepanga. Kwa vikoba na kujibana nimefikisha milioni 28, sidaiwi na mtu. Nataka nyumba ya kupangisha, iniingizie chochote kila mwezi.

Dalali kanionyesha vitu viwili. Cha kwanza ni pagale Chamazi, vyumba vitatu na sebule, limefika kwenye linta (zege la juu ya milango na madirisha), milioni 19, lina karatasi ya serikali ya mtaa tu. Cha pili ni kiwanja kilichopimwa Kigamboni ndani ndani huko, milioni 9, ila umeme bado uko mbali na barabara ni ya kubahatisha. Halafu kuna rafiki yangu anasema niachane na vyote viwili, nikope benki milioni 30 nyingine, nijenge apatimenti mbili za kisasa nipangishe laki tatu tatu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Matusi hapana jamani.

Mzee wa Kuponi:
Mkuu, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, piga hesabu hii. Hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, ya miaka 25 ilitolewa 2022 kwa riba ya asilimia 12.56. Milioni 28 hapo ni kama milioni tatu na nusu kwa mwaka, unalipwa kila baada ya miezi sita, haikatwi kodi, haivuji, haigombani na jirani. Nionyeshe nyumba ya milioni 28 Dar inayokuachia hiyo mkononi baada ya gharama. Ila sikufichi, miaka 25 ikiisha utarudishiwa milioni 28 ileile, na kiwanja cha Chamazi wakati huo Mungu ndiye anajua kitakuwa shilingi ngapi.

Bi Mkubwa wa Uani:
Marahaba mwanangu. Umetaja pagale, kiwanja, benki na apatimenti. Mpangaji hujamtaja hata mara moja, na yeye ndiye atakayekulipa. Anza na huyo.

Mimi nina vyumba hukohuko Chamazi, nilivijenga kwa kiinua mgongo nilipostaafu uuguzi. Wanaokaa kwangu ni kondakta wa daladala, mama anayeleta samaki kutoka Feri, vijana wanaouza duka la mtu Kariakoo, na mwalimu wa shule ya binafsi. Wanaamka alfajiri ya giza kuwahi gari. Watu hawa wanaweza elfu sitini kwa chumba singo, elfu tisini kikiwa masta, chenye choo chake ndani. Mwenye laki tatu ya kodi kila mwezi hakai kwetu, anatafuta Tabata au Sinza karibu na kazi yake. Na familia inayoweza kupanga nyumba nzima Chamazi, nayo mara nyingi iko mbioni kujenga ya kwake, itakukalia mwaka iondoke. Kwa hiyo hilo pagale la vyumba vitatu na sebule ni nyumba ya kuishi mtu na wanawe. Si ya biashara, mpaka ulivunjevunje na kuligawa upya.

Halafu ukilipa milioni 19 unabakiwa na tisa. Kutoka linta mpaka mtu aingie ndani na godoro lake ndiko hela inakokwenda kufia: kenchi, bati, lipu, sakafu, milango, grili, nyaya, choo. Tisa haitoshi, utaishia kuwa na pagale lenye bati.

Ningekuwa wewe ningetafuta kiwanja kidogo hukohuko, nijenge banda la uani kwanza. Vyumba vinne vya masta, nyuma kabisa, mbele pabaki wazi. Ukijaliwa baadaye unajenga nyumba kubwa mbele, ukae au upangishe. Vyumba vinne kwa elfu tisini ni laki tatu na sitini kwa mwezi. Kwenye daftari usiandike miezi 12, andika 10, maana wataondoka, na kabla hajaingia mwingine utapaka rangi na kubadilisha kitasa. Hiyo ni milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Toa matengenezo, toa TRA, kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10. Mzee wa Kuponi hajakosea sana, lakini banda lina ardhi chini yake.

Sasa nikwambie kinachowaondoa wapangaji, maana ugomvi wa bei ya pango ni mdogo kuliko haya. La kwanza ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Ukiweka mita moja kwa watu wanne umenunua ugomvi. Mmoja ana friji anauza barafu na juisi, mwenzake ana taa moja na simu, na mwisho wa mwezi mnachangishana sawa. Utapigiwa simu saa nne usiku umeme umekatika na hakuna anayetaka kununua. Kila chumba kiwe na mita yake, hata kama ni mita ndogo za ndani zinazosoma matumizi. Na ujue kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, ilianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu Julai 2023 ni 1,500. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikukumbusha umpunguzie kwenye pango usimnunie. Ukiwa na mita kadhaa za TANESCO kwenye jengo moja, hakikisha haikatwi kwenye kila mita.

La pili ni choo. Watu huangalia marumaru, mimi naangalia gari la majitaka litapita wapi. Uchochoro wetu ulikuwa mpana, jirani akajenga ukuta, siku hizi gari linasimama barabarani na mpira unaungwa vipande kupita kwa watu. Masika shimo linajaa upesi na bei ya kunyonya inapanda siku hiyohiyo. Acha nafasi ya gari kabla hujachora vyumba, na shimo liwe upande wa barabara.

La tatu maji. Weka simtanki juu hata kama bomba la DAWASA linapita mlangoni.

Benki sasa. Milioni 30 kwa miaka 10, riba tuseme asilimia 16, utarejesha kama laki tano kila mwezi. Apatimenti zako mbili zikijaa unapata laki sita. Moja ikikaa tupu, unaongezea kutoka kwenye mshahara ambao nao unalipia nyumba uliyopanga. Rafiki yako hataongezea. Na benki yenyewe itataka hati, karatasi ya mtaa hawaishiki.

Fundi Linta:
Bi Mkubwa kamaliza, naongeza la ufundi. Ukiamua pagale, usiende na dalali peke yake, nenda na fundi asiyemjua dalali. Pagale lililonyeshewa misimu kadhaa bila bati, tofali za juu humung'unyuka ukizikwangua kwa ufunguo. Chimba pembeni kidogo uone msingi umeanzia wapi. Uliza majirani maji ya mvua yanapita wapi, na usiulize kiangazi ukaamini macho. Bonde la Msimbazi, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walitolewa wakapelekwa Mabwepande. Na barabara ikiwa karibu uliza hifadhi yake, ile ardhi ya pembeni isiyoruhusiwa kujengwa, waliovunjiwa Kimara hadi Kiluvya 2017 wengine walikuwa na nyumba nzuri tu.

Kijana wa Buza:
Nashukuru sana, hasa Bi Mkubwa. Pagale nimeliacha. Maswali mawili. Kiwanja kisicho na hati nitajuaje muuzaji ni mwenyewe? Na kodi nichukue ya miezi mingapi, maana mwenye nyumba wangu mimi anataka sita?

Bi Mkubwa wa Uani:
Kiwanja: usikutane na muuzaji ofisini kwa dalali, mkutane kiwanjani, na majirani wa mipaka yote wawepo waseme anayeuza ni nani na alikipataje. Akiwa na mke au mume, huyo naye asaini, usikubali kuambiwa kasafiri. Wengi wamerudishwa mahakamani na mke ambaye hakushirikishwa. Kama ni cha mirathi, taka barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, maana kaka mkubwa kuwa kaka mkubwa hakumpi haki ya kuuza. Andikishianeni mbele ya serikali ya mtaa na wakili, hela ipite benki ibaki na kumbukumbu. Halafu nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize eneo hilo limepangwa kuwa nini, wengine wamejenga kwenye uwanja wa shule. Palipo na zoezi la urasimishaji, la kupima makazi yasiyopimwa ili watu wapate hati, lipia mapema, hati ikitoka bei inabadilika.

Kodi: mimi nachukua mitatu, na wa chumba singo anayelipwa kwa siku nampa mwezi mmoja mmoja. Ukitaka sita kwa kondakta utampata anayekopa ili aingie, na mwezi wa saba utamtafuta. Mkataba uandike hata kwa mwezi mmoja, nakala ya NIDA, picha, na namba ya ndugu. Barua ya mtaa alikotoka usiisahau. Na kabla hujampa ufunguo, mpigie mwenye nyumba wa zamani umuulize swali moja tu: alipoondoka alidaiwa?

Kijana wa Buza:
Sawa mama. Jumamosi naenda kuangalia kiwanja kingine, miguu ishirini kwa thelathini, milioni sita na nusu.

Bi Mkubwa wa Uani:
Nenda na tepu ya kupimia, miguu ya dalali ni mifupi. Na mnunuzi wa kwanza huwa anatajiwa bei ya mjini, anzia tano.