Naomba ushauri: kuandika kodi (chords, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kinanda kwa namba kwenye kompyuta

Wakuu habari zenu, naomba ushauri wenu nyinyi mnaotumia programu za muziki. Napiga kinanda na vijana wenzangu hapa Malindi, harusi na mahoteli ndo kazi zetu, sasa mwimbaji wetu bwana hana kii (key, sauti ya kuanzia wimbo) moja, leo anaimba kwa C, kesho sauti imekauka anataka A, na mimi ndo wa kuandika kodi upya kwa mpiga gita na wa besi.

Nataka niandike namba tu za kuhesabu toka kwenye kii, mfano 1 6m 4 5 (m ni maina), nikichagua C inipe C Am F G, nikichagua A inipe A F#m D E, basi. MuseScore, programu ya kuandika nota, ninayo, ni ya bure na namba inaandika, hata zile za Kirumi, lakini inaziweka kama maandishi tu, hazitoi sauti. Band-in-a-Box ndo unaandika namba inageuza yenyewe kulingana na kii, ila ya kununua hiyo na pesa za harusi mnazijua zinavyolipwa.

Kinachonichanganya zaidi ni nyimbo za maina (minor, zile za sauti ya huzuni), na huku kwetu ni nyingi. Wimbo wa Am niuandike 1m 4m 5 nikihesabu toka A, au 6m 2m 3 nikihesabu toka C kama wale wanamuziki wa Nashville, Marekani, wanaoandika kodi kwa namba? Nyinyi mnafanyaje? Na kuna programu ya simu inayoweza hii kazi?