Mrejesho: Ngozi ya makubadhi, magome au kromu?

Ndugu zangu, niliuliza kama hapa Mombasa nitengeneze ngozi za mbuzi za makubadhi kwa magome ya miti au kwa chumvi ya kromu (kemikali ya madini ya kuivishia ngozi), nanyi mlinijibu kwa ukarimu, ahsanteni sana. Nimechagua magome ya muwati, mti wa jamii ya akasia. Kromu huivisha ngozi kwa siku moja hivi na kuifanya laini, lakini maji yake machafu huhitaji kusafishwa kwanza, nami sikubali kabisa yafike kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari hapa mjini. Magome huchukua wiki kadhaa, ila ngozi yake ya hudhurungi ni imara na hushika umbo la mguu. Magome ya mkoko, aliyonipendekezea mzee mmoja, huipa ngozi wekundu wa kupendeza; nimeyaacha kwa sababu mikoko yetu imekatwa mno.